Mpambaji wa Upande wa Wanawake

Kabla hajagusa uso wa bibi harusi, Mpambaji alinawa mikono mpaka viwikoni na kuikausha kwa kitambaa chake mwenyewe. Taulo la wenyeji hakulitumia, hata likiwa jipya. Mama yangu, aliyemjua tangu tulipohamia mtaa huu wa Maskati, siku moja alimuuliza sababu. Akajibu, "Bibi, taulo la mtu lina siri za mtu. Mimi nshabeba za kutosha."

Asili yake sitaieleza. Alikuwa hapendi kuulizwa, na mimi sikuwahi kumuuliza. Ninayoyajua nimeyakusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka thelathini, kama ninavyokusanya mambo mengine: natazama, nasikiliza, naandika kwenye daftari. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri vya magari kule Ghala, mtaa wa viwanda. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya kifo cha baba, na vitabu vya historia, fiqhi na sheria nimevisoma peke yangu, ukurasa kwa ukurasa. Majirani huniletea maombi yao niwaandikie, kwa kuwa naandika Kiarabu cha ofisini bila makosa. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nililomfanyia Mpambaji nililifanya kwa kutojua.

Kitambulisho chake kilisema ni mwanamume. Alivaa kanzu kama wanaume wote, kwa sababu sheria ya nchi inamwadhibu mwanamume anayeonekana na mavazi ya kike, naye sheria hiyo aliijua vizuri kuliko mimi. Lakini kanzu zake hazikuwa nyeupe. Zilikuwa rangi ya ganda la yai, rangi ya kijani hafifu ya pistashio, rangi ya waridi lililofifia, na kiunoni zilibanwa kidogo tu, kiasi ambacho askari asingejua akiandike vipi. Nywele alizipaka mafuta ya nazi na kuzigawa katikati. Wanaume walikuwa na majina yao ya kumwita, nami sitayaandika. Wanawake walimwita Mpambaji, na watoto wa mtaa wakalirithi jina hilo bila kujua kama ni jina au kazi.

Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi, mwanamume asiye maharimu akifika mlangoni hukohoa, hupiga hodi kwa sauti, na husubiri wanawake wajifunike ndipo aingie kwa mlango wa mbele. Mpambaji aliingia kwa mlango wa jikoni, na hakukohoa. Mama hakujifunika mbele yake hata siku moja. Mke wangu vivyo hivyo, na binti zangu walipokua wakafuata. Nilipooa, mke wangu aliniuliza, "Huyu nijifunike?" nami nikamwambia amuulize mama. Mama akacheka. "Ukijifunika, nani atakutia hina? Ukuta?" Hakukuwa na kikao kilichoamua jambo hilo, wala shekhe aliyetoa fatwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kuamua kabla yangu, na uamuzi wao ulionekana kwenye vichwa vyao.

Nakumbuka alasiri moja nilirudi kazini mapema nikamkuta mama amekaa kwenye jamvi, nywele zake nyeupe zimefunguliwa mpaka mgongoni, na Mpambaji nyuma yake ana kitana. Mimi mwenyewe, mwanawe, nywele zile nilikuwa sijaziona kwa miaka.

"Toka, mwanamume," mama akaniambia.

Mpambaji akaongeza, bila kuinua macho, "Mwache, bibi. Huyu mwalimu asiye na skuli. Atakwenda kuyaandika."

Ndivyo alivyoniita: mwalimu asiye na skuli, na akiwa na haraka, mwalimu.

Kazini alikuwa mkali. Hakuanza mpaka mama mkwe atoke chumbani. "Mwenye kuoa ni mwanao," alimwambia mmoja, "wewe subiri nje uione kama wengine." Bibi harusi akilia hakumbembeleza. Alikaa, akafunga mikono, akasubiri. "Lia umalize. Wanja wangu hauogelei." Kuhusu hina alikuwa na msemo ambao mpaka leo wanawake wa mtaani wanautumia kwa mambo mengine kabisa: hina haina haraka, ukiiharakisha itakuaibisha wiki mbili. Singo ya kumsugua bibi harusi aliitwanga mwenyewe, udi aliuchagua mwenyewe, na kikuba cha jasmini na rehani alikifunga kwa uzi mweupe tu, kwa sababu uzi wa rangi, alisema, unamwonyesha fundi badala ya ua. Alipomaliza hakungoja sifa. "Sitaki kusifiwa," alisema, "nataka kuitwa tena." Na aliitwa tena. Kuna nyumba ambazo alimpamba mama, kisha binti.

Watu wasiomjua walidhani anapenda ngoma. Hakupenda. Zikianza kuimbwa nyimbo ukumbini, alikusanya vifaa vyake na kwenda kukaa jikoni na wapishi, akala wali kwa mkono, kimya. Watu walidhani pia kwamba ni mbea, kwa kuwa aliingia kila chumba. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari ya nyumba moja iliyotoka mdomoni mwake kwenda nyumba nyingine. Dada yangu alijaribu kumchokonoa kuhusu harusi moja iliyovunjika asubuhi yake. Mpambaji akamjibu, "Na yako ikivunjika, unataka nikamwambie nani?"

Alipenda mpira. Timu ya taifa ikicheza alikuja majlisi kwetu, kwenye chumba cha wanaume, akakaa karibu kabisa na mlango, pale panapovuliwa viatu. Hakukaribishwa ndani zaidi, naye hakuomba. Lakini akitoa hukumu juu ya beki wa kulia, wazee walinyamaza, kwa sababu mara nyingi alikuwa sahihi. Mechi ikiisha alivaa viatu vyake wa kwanza, akazunguka nyumba, akaingia jikoni kuwahadithia wanawake mabao.

Na alijua magari. Alikuwa na gari dogo la Kijapani, la zamani, alilolitengeneza mwenyewe, vidole vile vile vya hina vikiwa na grisi. Alikuja stoo kwetu Ghala na namba ya kipuri kichwani, bila karatasi, na haikuwa na makosa. Mara ya kwanza alipokuja, mwenzangu wa kaunta, kijana wa Kizinjibari kama mimi, wa watu waliorudi kutoka Unguja, alinigusa kwa kiwiko akasema kwa sauti, "Yakhe, bibi harusi wako kafika."

Mpambaji alikuwa amekwisha kusikia. "Bibi harusi nampamba mimi," akasema. "Wewe mlete mkeo. Nimtoe huo uchovu uliompa."

Duka zima lilicheka, na mwenzangu akacheka kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mimi nilicheka mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno ya mwenzangu, mara ya pili kwa jibu. Ile ya kwanza Mpambaji aliiona. Nilimpa kipuri chake, akakigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hiki sicho, mwalimu. Cha upande wa pili." Alikuwa sahihi, nami sikukosea namba tena mbele yake.

Ijumaa alisali msikitini kwetu, safu ya mwisho, pembeni. Kiongozi wa sala hutuambia tukaribiane, bega kwa bega, tusiache pengo. Ijumaa moja nilichelewa nikajikuta nasimama karibu naye. Nilisimama nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Naitaja kwa kipimo kwa sababu niliipima: ilikuwa nafasi ya mtu mmoja, si nusu. Yeye hakusogea. Nadhani alikuwa amejifunza zamani kwamba akisogea, pengo huhamia upande wa pili.

Basi mtu huyu, mwanamume kwa kitambulisho, mwanamke kwa mlango wa jikoni, mtu wa mlangoni kwenye majlisi, na wa pembeni msikitini, aliishi hivyo muda mrefu bila kuomba karatasi yoyote kwa mtu yeyote. Karatasi ilikuja yenyewe.

Ofisi moja ya wilaya, ambayo sitaitaja, ilitangaza kwamba kila anayefanya kazi kwenye kumbi za harusi lazima awe na kadi, na kadi itaje upande anaofanyia kazi: wa wanaume au wa wanawake. Nia yake haikuwa mbaya. Kulikuwa na malalamiko ya wapiga picha na wahudumu waliokuwa wakiingia pasipowahusu. Mpambaji alileta fomu yake nyumbani kwetu, akaiweka juu ya meza yangu.

"Niandikie barua ya kwenda nayo," akasema. "Wakiitazama fomu peke yake watanicheka."

"Tuandike nini?"

"Andika ukweli wote. Wasije wakasema nimewadanganya. Andika mimi si mwanamume wa kuogopwa na wanawake, na wanawake wenyewe wanajua."

Nilifanya kazi ile kwa siku nne. Katika vitabu vyangu nilikuwa nimesoma kwamba mafakihi wa kale waliwajua watu wa namna yake, wakawajadili bila kelele, na kwamba ada ya watu, yaani desturi yao, ikiwa imeenea na haipingani na amri iliyo wazi, ina nafasi yake katika hukumu. Niliandika kurasa mbili. Katikati niliweka sentensi niliyojivunia: kwamba wanawake wa mtaa huu, wakubwa kwa wadogo, hawajifuniki mbele ya mwombaji, na kwamba hii ndiyo ada ya mtaa tangu miaka mingi. Mpambaji aliniomba nimsomee mara mbili. Aliposikia sentensi ile mara ya pili alitoa kitambaa chake cha mkononi, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Kisha akaandika jina lake chini, polepole, kama mtu anayechora hina.

Baada ya mwezi niliitwa ofisini.

Nilidhani naitwa kama mwandishi. Niliitwa kama jirani. Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua siku hiyo, na meza yake ilijaa karatasi za kufutia pua. Tulizungumza Kiarabu. Alikuwa amesoma barua yetu kwa makini, maana alikuwa amepiga mstari chini ya ile sentensi yangu.

"Mimi siwezi kubadilisha kitambulisho cha mtu," akasema. "Hiyo si kazi ya ofisi hii. Lakini kadi ya ukumbi ni kazi yangu. Nikipata majirani wawili wanaothibitisha ada hii, nitaandika kwamba mwombaji anaruhusiwa upande wa wanawake kwa ada inayojulikana ya mtaa wake, na nitapiga muhuri. Wa kwanza amekwisha kuthibitisha."

Wa kwanza alikuwa fundi wa mafriji, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu asiyejua kusoma. Alikuja na kanzu yake ya kazi, akaulizwa, akasema ndiyo, wake zetu hawajifuniki, akatia kidole gumba, akarudi kwenye mafriji yake. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, wakati alipokuwa bado ananisemesha.

Kwenye meza ya pembeni alikaa katibu wa ofisi, akiandika kila kilichosemwa. Katibu yule nilimjua. Wiki mbili kabla, mtoto wake alikuwa ameleta posa kwa binti yangu mkubwa, nasi tulikuwa bado kwenye kuulizana habari. Watu wao hawakuwahi kutoka Oman. Sisi tulirudi kutoka Unguja wakati wa baba, na mpaka leo wapo wanaolitamka neno Wazinjibari kwa kuvuta mdomo upande mmoja. Wanasema nyumba zetu ziko wazi. Wanasema wanawake wetu wanacheka sana, na hawajui kujifunika.

Mkuu alipiga chafya, akajifuta, akaniuliza, "Wanawake wa nyumbani kwako wanajifunika mbele yake?"

Kalamu ya katibu ilisimama.

"Wanajifunika," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

"Na mama yako?"

"Mama yangu ni mtu mzima. Lakini anajifunika."

Mkuu aliinua barua, akaniwekea kidole chake kwenye mstari aliouchora. "Na haya? Nimeambiwa umeandika wewe."

"Niliandika alivyoniambia mwombaji," nikasema. "Mimi ni mwandishi tu."

Nadhani alijua. Lakini alihitaji mashahidi wawili, naye alikuwa na mmoja. Katibu aliandika maneno yangu, akayapuliza wino ukauke, akanisogezea karatasi nitie sahihi. Nilipokuwa naondoka alisimama kunipa mkono, jambo ambalo hakulifanya nilipoingia. Posa ilikamilika mwezi ule ule.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwenye daftari kwamba niliogopa kwa ajili ya binti yangu. Ni kweli, lakini si kamili. Niliogopa kwa ajili yangu. Nilitaka mtu mmoja, mwenye kalamu, aione nyumba yangu kuwa safi, na usafi ule niliununua kwa kitu kisichokuwa changu.

Mpambaji aliitwa, akasomewa uamuzi. Kadi ilikataliwa. Kwa kuwa jambo lilikuwa sasa limeandikwa, kwamba ni mwanamume na wanawake wanajifunika mbele yake, ilibidi pia aandikiwe ahadi: asiingie sehemu za wanawake, ukumbini wala majumbani. Alitia sahihi. Harusi ya binti yangu walikuja wapambaji wawili wa saluni, wenye masanduku ya mataa. Hina ilifutika siku ya tano.

Mama hakuambiwa shahidi alikuwa nani. Alijua tu kwamba mtu wa mtaani alitoa ushahidi wa uwongo. Mchana mmoja, tukiwa kwenye sinia, alisema, "Huyo alosema vile hana mama."

Nilikuwa nimetia tonge mdomoni. Niliendelea kutafuna.

Fundi wa mafriji aliacha kunisalimia. Mpambaji hakuacha. Akiniona ng'ambo ya barabara aliinua mkono, "Mwalimu, kwema?" kwa sauti ile ile ya zamani, nami nikashindwa kujua kama anajua. Jikoni kwetu hakuja tena. Kwenye mpira hakuja tena, ingawa ahadi ile haikumkataza kukaa na wanaume. Nilisikia anafuma kofia nyumbani kwake na kuziuza kwa mwenye duka mmoja kwenye soko la Matrah. Niliwahi kuiona moja kwenye kichwa cha mtu msikitini na nikajua ni yake, kwa sababu uzi ulikuwa mweupe mtupu.

Imepita miaka minne hivyo. Mwaka huu mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Amelala chumbani kwake, anahudumiwa na mke wangu na msichana wa kazi kutoka Uganda, binti mpole ambaye bado ananiita baba. Nywele za mama zikafungamana nyuma ya kichwa kwa kulala. Hakumruhusu mtu kuzigusa. "Mwiteni Mpambaji," alisema kila siku. Mke wangu alinitazama, mimi nikatazama kitu kingine. Mwishowe mama mwenyewe alimtuma yule binti akamwite, bila kutuuliza.

Ilikuwa Alkhamisi baada ya alasiri. Binti wa kazi alikuja majlisi nilikokuwa nasoma. "Baba, yule mzee niliyetumwa kumwita yuko huko mbele, anakohoa tu. Nimemwambia karibu, amekataa. Anasema nikuite wewe."

Nilitoka. Mpambaji alisimama nje ya mlango wa mbele, mlango wa wanaume. Kanzu yake ilikuwa nyeupe. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya mafuta.

"Karibu, Mpambaji," nikasema. "Mlango wa jikoni uko wazi."

"Wa jikoni si wangu tena, mwalimu. Waambie wajifunike."

"Hakuna haja."

"Waambie."

Nilirudi ndani nikawaambia. Mke wangu alijifunika. Mama alisikia kwamba kuna mwanamume, akapapasa mto kutafuta ushungi wake, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na mimi nikaushika nikamfunika mwenyewe, nikamfunga chini ya kidevu. Mpambaji aliingia ameinamisha kichwa. Alimsalimia kutoka mlangoni.

Mama aliijua sauti. "Wewe? Mimi nimejifunika kwa ajili yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Njoo hapa unichane."

"Siwezi, bibi. Lakini nitakuchana."

Alivuta kiti, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta, mgongo kwa kitanda. Chupa ya mafuta akampa yule binti wa kazi bila kugeuka. Kisha akaanza kumfundisha. "Mtoe ushungi. Paka mafuta vidoleni, si kichwani. Anza chini, kwenye ncha, usianze juu. Shika fungu dogo, libane kwa mkono wa kushoto, asisikie kuvutwa." Binti alifanya kama alivyoambiwa. Mpambaji alisikiliza kitana. "Hapo umevuta," akasema, na ilikuwa kweli, mama alikuwa amekunja uso. "Rudi nyuma kidogo. Ongeza mafuta. Eee. Sasa sawa."

Nilisimama mlangoni. Sikuondoka, wala sikukaa.

"Geuka, mwanangu," mama akamwambia Mpambaji. "Nani atakuona?"

"Mwanao yupo, bibi."

"Na akiwepo? Amezaliwa jana?"

"Nimetia sahihi."

"Sahihi ya nini? Sheria ya nani hii, nikichanwa nisiangaliwe?"

Mpambaji alitoa kitambaa chake cha mkononi, akakikunja. Nilijua basi kwamba alijua, na kwamba alijua tangu siku ile ofisini, kwa kuwa ushahidi husomwa kwa sauti na jina la shahidi. Alikuwa na jibu mdomoni, na mtu wa kutajwa alisimama hatua tatu kutoka kwake. Nilisubiri aliseme. Nilikuwa karibu kutaka aliseme.

"Ya serikali, bibi," akasema. "Mwambie mtoto asiache nyuma ya sikio."

Mama alilala nywele zikiwa mikononi mwa binti. Nilimsindikiza Mpambaji mpaka langoni. Jua lilikuwa bado juu ya kuta za jirani, na fundi wa mafriji alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, akitutazama.

Nikasema nilichokuwa nimekipanga kwa miaka minne. Kwamba nilikosea. Kwamba nilisema uwongo na nikatia sahihi. Kwamba naomba anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza nilipomsomea ile barua.

"Msamaha nilikupa zamani," akasema. "Nikupe nisikupe, unanifaa nini? Mimi nna haja ya kadi, mwalimu. Yule mkuu bado yupo, nimeuliza. Anastaafu mwisho wa mwaka. Barua yako anayo kwenye faili. Mtu mmoja tu akirudi akasema kinyume."

"Nitakwenda," nikasema.

"Lini?"

"Jumapili, wiki ya kazi ikianza."

"Wanafungua saa moja na nusu," akasema. Alifunga chupa yake ya mafuta vizuri, akamsalimia fundi, akaenda zake kwa mwendo wake wa siku zote.

Ijumaa niliandika ushahidi mpya, kurasa mbili, bila kosa hata moja. Jumamosi niliusoma tena. Katibu bado anakaa meza ile ile ya pembeni, na mtoto aliye tumboni mwa binti yangu ni mjukuu wake.

Jumapili saa moja na nusu nilikuwa Ghala, nimefungua stoo.